Inchi Nne za Pindo

Nina pini sita mdomoni wanapoingia kina mama,
ndiyo maana nasikia mengi na kujibu machache.
Kibanda changu kiko nyuma ya Soko la Wakulima, Nakuru.
Vumbi la Menengai huingia bila hodi
na kukaa juu ya cherehani kama mteja asiyelipa.

Jumatatu alikuja Bi. Lanfen wa duka la vigae, njia ya Lanet.
Mwanawe Ruoxi alinyoosha mikono nimpime,
midomo ikihesabu: saba mara nane, saba mara tisa.
Gauni la tamasha la shule. Atapiga fidla.
"Acha inchi nne za pindo," mama akasema,
"avae mwaka huu, na ujao, na ule mwingine."
Nikatema pini nimsifu mtoto: ana mabega ya malkia.
"Bado," akanikata. "Vidole vyake vivivu."
Mtoto hakununa. Nilinuna mimi kwa niaba yake.
Kisha mama akaketi juu ya gunia la vitambaa,
akamenya chungwa,
akalivua nyuzi zake nyeupe, uzi baada ya uzi,
hata kila kipande kikabaki uchi,
akamtia bintiye mdomoni, kimoja kimoja.
Yeye mwenyewe alilamba vidole tu.

Alhamisi, Bi. Hilary wa Njoro, wa mashamba ya ngano.
Babu yake alizaliwa huko huko,
na jua bado linamgombeza puani.
Tamsin, miaka tisa vilevile, pekupeku,
shule ile ile, tamasha lile lile.
"Wewe wataka nini, kipenzi?" mama akauliza,
nami nikageuka kuona anasema na nani.
Mtoto akataka vifungo vinne, kila kimoja rangi yake.
Akapanda meza yangu ya kukatia. Mama akatazama.
Akaanguka. Mama akatazama.
"Atajifunza," akasema, lakini niliona vidole
vimeukaba mkoba mpaka damu imevihama.
Mtoto akachora kwa chaki yangu ng'ombe wa miguu mitano.
"Maridadi!"
Kwetu Mbale, ng'ombe huyo angetafutiwa mganga.

Nilikwisha kukata shauri, kama nikatavyo kitambaa:
huyu anabana, huyu analegeza.
Lakini nguo ina upande wa ndani.
Ruoxi, kumbe, bado hulala ubavuni mwa mama yake,
mguu juu ya tumbo alimotoka.
Tamsin alipewa chumba chake akiwa na miezi mitatu,
na Januari anakwenda bweni.
Hilo mama yake aliniambia akitazama dirishani.
Kibanda changu hakina dirisha.

Siku ya kuchukua nguo walikutana mlangoni,
wakapishana kwa adabu, kila mmoja na mfuko wake.
Bi. Lanfen akaviona vile vifungo vya Tamsin,
macho yakavipitia kama anakagua vigae,
kimoja, cha pili, cha tatu.
Akangoja wenzake watoke. Akarudi.
"Kimoja," akaninong'oneza. "Cha manjano.
Ndani ya mkono, mwalimu asikione."
Nikakishona. Mwanamke wa kubishania shilingi kumi,
siku hiyo hakuuliza bei.

Na jioni Bi. Hilary akaja peke yake, eti kasahau risiti.
"Fundi Kageha, mimi ninamlegeza sana?"
Nilikuwa na pini sita mdomoni.
Sikuzitema.

Ningemwambia nini?
Mama yangu hakuwahi kuniambia nimeshona vizuri.
Gauni la kwanza nililomshonea, akaligeuza,
akavuta mshono, akasema, "Haya."
Akalivaa kanisani Jumapili baada ya Jumapili
hadi kwapa zikaona jua.
Alipofariki tulilikuta limekunjwa
ndani ya sanduku, pamoja na hati ya shamba.
Nikaipima ile kola kwa utepe wangu.
Ilikuwa imepinda inchi nzima.